Ajax hakujiua kwa wazimu

Jumamosi nimeulizwa tena, safari hii na mwandishi wa habari aliyekuja Temeke kusikiliza usomaji wetu wa Ajax, tamthilia ya kale ya Mgiriki Sophocles: "Kwa hiyo huyu Ajax alijiua kwa sababu alirukwa na akili?"

Hapana. Nimechoka.

Kisa chenyewe haraka haraka. Wagiriki wako vitani Troy. Achilles, shujaa wao mkuu, kafa, silaha zake kapewa shujaa mwenzao Odysseus, Ajax, shujaa mwingine, kaona kadhulumiwa. Anatoka usiku kwenda kuwaua makamanda wake, mungu wa kike Athena anamfanyia kiinimacho, anachinja ng'ombe na kondoo wa jeshi akidhani ndio wao. Wengi huishia hapo na kufunga kitabu. Lakini wazimu unakwisha mwanzoni kabisa mwa tanzia, yaani mchezo wa majonzi! (Neno hilo nalo lilishatuponza: tuliweka "Tanzia ya Ajax" kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, watu wakatoa pole na kuuliza msiba uko wapi.)

Kuanzia hapo Ajax ana akili timamu kunishinda mimi. Anamuaga mwanawe, anamwachia ngao, anaagiza nani amlee, kisha anatafuta ufuo usio na mtu na kuusimika upanga vizuri mchangani. Kinachomuua ni fedheha. Anajiuliza atamtazamaje usoni baba yake, Telamon, ambaye yeye alirudi kutoka nchi ile ile na tuzo na sifa. Na mkewe, Tecmessa, anaiambia korasi (lile kundi linaloimba na kujibizana na wahusika) jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani: alipokuwa mgonjwa yeye alifurahi, sisi wazima ndio tuliteseka, sasa amepona, anateseka yeye, na sisi bado tunateseka.

Sophocles aliwahi kuchaguliwa jenerali, mwaka 441 KK, vita vya Samos. Hakuwa anabahatisha.

Kwa nini nakomaa na hili? Wanaotusikiliza ni wazee waliopigana Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Ukiwaambia "wazimu", wote wanashusha pumzi: aa, basi si mimi, mimi sina kichaa. Mlango umeshaufunga. Tulipowasomea maneno ya Tecmessa bila kuongeza lolote, afande mmoja (alistaafu sijaanza shule, lakini ni afande tu) alikizungusha kikombe chake cha chai ya rangi, akasema: "Mimi nilirudi mzima. Mama watoto ndiye alikuwa analala na ndala miguuni."

"Miaka mingapi, afande?"

"Muulize mwenyewe."

Na hatuwaigizishi wazee, tafadhali. Waigizaji wanasoma wamekaa mezani, bila maleba, kisha ukumbi unaongea. Mtindo huo nimeuchukua kwa Bryan Doerries wa Marekani, anayewasomea askari Sophocles tangu 2008.

Je, unasaidia? Sijui. Watu wananitajia katharsis, yaani kusafishwa hisia kwa kutazama tanzia, kana kwamba ni panadoli. Aristotle mwenyewe alipoieleza tanzia alilitupia neno hilo mara moja, akapita bila kulifafanua. Afande yule hakuonekana usomaji uliofuata, wala wa baada yake. Labda yuko shamba Mkuranga. Labda nilitonesha kidonda nisichoweza kukifunga. Siku hizi tunamweka muuguzi kiti cha nyuma.

Jumamosi hiyo hiyo, mwandishi alipokwisha kuondoka, alikuja mke wa afande yule, peke yake. Aliuliza kama ile sehemu ya yule mama tutaisoma tena.

Tutaisoma.