Je, wajua kwa nini homa ya ini B bado inatibiwa kwa dawa moja?

Mgonjwa wa kifua kikuu huanza na dawa nne kwa pamoja. Anayeishi na VVU humeza kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake. Homa ya ini C siku hizi hupona kabisa kwa mchanganyiko wa dawa za kumeza, mara nyingi ndani ya wiki 8 hadi 12. Lakini mwenye homa ya ini B sugu akianza tiba, kwa kawaida hupewa dawa moja tu, tenofovir au entecavir, na huenda akaimeza maisha yake yote. Wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: mbona huku hawachanganyi?

Wamejaribu kuchanganya, tena kwa zaidi ya miaka 20. Majibu waliyoyapata yanaeleweka vizuri ukijua kwanza kirusi hiki kinakaa wapi.

Kikishaingia kwenye seli ya ini, hupeleka vinasaba vyake hadi ndani ya kiini cha seli. Humo vinasaba hujifunga na kuwa duara dogo, gumu kuvunjika, linalodumu miaka na miaka likitoa nakala. Nakala zikitoka nje ya kiini, kimeng'enya cha kirusi huzitumia kuunda vinasaba vya virusi vipya. Tenofovir na entecavir huzuia kimeng'enya hicho. Ndiyo maana wingi wa virusi kwenye damu hushuka hadi kutoonekana, na hatari ya ini kusinyaa au kupata saratani ikapungua. Ila duara lenyewe halijaguswa. Dawa ikiachwa, mara nyingi uzalishaji unaanza upya.

Sasa fikiria kumpa mgonjwa entecavir na tenofovir pamoja. Zote mbili zinazuia kimeng'enya kilekile. Ni sawa na kuweka walinzi wawili kwenye mlango mmoja wakati mwizi keshalala ndani. Jambo hili lilipimwa kwa wagonjwa 379 ambao hawajawahi kutibiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Baada ya wiki 96, virusi vilikuwa vimefubazwa vizuri kwa asilimia 83 ya waliotumia dawa zote mbili na asilimia 76 ya waliotumia entecavir peke yake. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba mchanganyiko ni bora.

Kwenye VVU sababu kubwa ya kuchanganya ni usugu wa dawa, yaani kirusi kubadilika hadi dawa isikiweze tena. Homa ya ini B nayo ilipitia hapo. Lamivudine, dawa ya zamani inayozuia kimeng'enya hichohicho, iliyoidhinishwa kwa homa ya ini B mwaka 1998, ilipoteza nguvu kwa takriban asilimia 70 ya walioitumia kwa miaka mitano. Lakini entecavir, kwa mgonjwa anayeanza tiba kwa mara ya kwanza, usugu wake baada ya miaka mitano ni kama asilimia 1 tu, na wa tenofovir ni nadra mno. Sababu hiyo ya kuchanganya ikawa imepungua uzito.

Ikabaki njia ya pili: kuchanganya dawa zinazofanya kazi tofauti. Peginterferon ni sindano ya mara moja kwa wiki inayoamsha kinga ya mwili yenyewe. Si dawa nyepesi. Huleta homa, maumivu ya mwili, kushuka kwa chembe nyeupe za damu, na wengine hupatwa na huzuni nzito. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 814 waliogawanywa kwa kura katika makundi matatu: peginterferon peke yake, lamivudine peke yake, na zote mbili. Wakati tiba ikiendelea, kundi la mchanganyiko ndilo lililoshusha virusi kuliko yote. Lakini miezi sita baada ya dawa kusimamishwa, waliopoteza protini e ya kirusi (alama kwamba kirusi kinazaliana kwa wingi) na kujenga kingamwili dhidi yake walikuwa asilimia 27 kwenye mchanganyiko, 32 kwa peginterferon peke yake, na 19 kwa lamivudine. Faida iliyoonekana kwenye virusi ilikuwa imeyeyuka.

Ndiyo maana watafiti wa leo hawaridhiki na kipimo kinachofanyika mgonjwa akiwa bado kwenye dawa. Wanasubiri wiki 24 baada ya tiba kuisha, kisha wanatafuta kitu kimoja zaidi ya vyote: HBsAg, protini ya gamba la nje la kirusi, ileile inayotafutwa ukipimwa homa ya ini B. Maganda matupu yenye protini hiyo huelea kwenye damu kwa wingi wa mara elfu moja hadi laki moja kuliko virusi kamili, na inaaminika mafuriko hayo yanachangia kuichosha kinga. HBsAg ikitoweka na isirudi bila dawa, hapo ndipo wataalamu hutamka neno kupona, ingawa mabaki ya duara yanaweza kuwa bado yamo.

Kwa kipimo hicho kigumu, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilileta matumaini. Wagonjwa 740 waligawanywa makundi manne. Kufikia wiki ya 72, HBsAg ilikuwa imetoweka kwa asilimia 9.1 ya waliotumia tenofovir na peginterferon pamoja kwa wiki 48. Waliotumia peginterferon peke yake kwa muda huohuo walikuwa asilimia 2.8. Waliochanganya kwa wiki 16 tu kisha wakaendelea na tenofovir nao walikuwa 2.8. Wa tenofovir peke yake hakuna hata mmoja. Tisa kati ya mia ni wachache, sikatai, na sindano za karibu mwaka mzima ni mzigo. Hata hivyo ilionekana wazi kwamba dawa zinazopiga sehemu tofauti zinaweza kusaidiana.

Kuchanganya kuna hatari zake pia. Telbivudine, dawa nyingine inayozuia kimeng'enya kilekile, ilipounganishwa na peginterferon, wagonjwa walipata madhara ya mishipa ya fahamu kiasi kwamba jaribio likasitishwa. Katika jaribio la REEF-2, dawa mbili mpya ziliongezwa juu ya zile za kawaida kwa wiki 48, kisha zote zikasimamishwa. HBsAg ilishuka sana, lakini haikutoweka kwa yeyote. Mgonjwa mmoja wa kundi linganishi, yaani lile lisilopewa dawa mpya, aliyekuwa ameachishwa dawa yake ya kawaida kama wenzake, virusi vilimrudia kwa ukali hadi akahitaji kupandikizwa ini. Anayetumia dawa hizi asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Hata ndani ya jaribio lenye uangalizi wa karibu, mambo yanaweza kuharibika.

Sasa macho ya watafiti yameelekezwa kwenye bepirovirsen, sindano inayoshambulia zile nakala zinazotoka kwenye duara. Katika jaribio la watu 457 lililochapishwa mwaka 2022, kama 9 hadi 10 kati ya 100 waliopewa dozi ya juu kwa wiki 24 walibaki bila HBsAg na bila virusi kuonekana miezi sita baadaye. Wazo linaloongoza tafiti nyingi ni kuunganisha hatua tatu: kufubaza virusi, kupunguza HBsAg, kisha kuiamsha kinga.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, milioni 65 kati yao wakiwa Afrika. Waliokuwa wakipata tiba duniani kote walikuwa takriban asilimia 3. Kwa hao wengine wote, dawa moja tu ingekuwa hatua kubwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mchanganyiko ambao maelfu wanaumeza tayari. Kidonge cha ARV chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir kina dawa mbili zinazofubaza homa ya ini B pia. Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2024 unaruhusu tenofovir pamoja na lamivudine kwa homa ya ini B pale ambapo tenofovir peke yake haipatikani. Ila sindano mpya za VVU za muda mrefu, cabotegravir na rilpivirine, haziidhibiti homa ya ini B. Kabla ya kuhamia huko, mtu anapaswa kupimwa HBsAg kwanza, na akikutwa nayo, abaki kwenye tiba yenye tenofovir.