Miaka ishirini akipasua nini?

Mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanjelwa alikuja kuniaga. Amepata daktari Dar es Salaam, anakwenda kukatwa mfuko wa chakula apunguze uzito. "Ana miaka ishirini kazini, daktari," akaniambia. Nikamuuliza: miaka ishirini akipasua nini?

Mimi ni daktari wa upasuaji hapa Mbeya. Upasuaji wa kupunguza uzito sifanyi, ila nawapokea wanaotaka kwenda na wanaorudi. Mtu anaweza kupasua ngiri na apendiksi maisha yake yote akawa bado mgeni kwenye kazi hii. Mfuko unakatwa karibu asilimia 80, kwa matundu madogo, na mashine inayokata huku ikibana kwa pini. Aina nyingine, ya kuunganisha mfuko na utumbo, ni ngumu zaidi; mkono hutulia baada ya wagonjwa 75 hadi 100 hivi. Kwa hiyo uliza: umefanya wangapi wa aina hii hii nitakayofanyiwa mimi, na mwaka jana wangapi? Usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika ni lazima, lakini usajili haukuambii idadi hiyo.

Kisha uliza wangapi walivuja. Hata kwa mikono mizuri, mmoja au wawili katika mia mshono huvuja. Akikujibu "hajavuja hata mmoja", ama amefanya wachache ama hawafuatilii wagonjwa wake.

Swali hili nalisisitiza kwa sababu ya dada mmoja aliyeshuka basi siku ya sita baada ya upasuaji. Hakuwa na homa. Nikamgusa tumbo, laini. "Ni gesi tu," alisema, "na bega la kushoto linaniuma." Mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika, ya kasi mno. Tumbo la mtu mnene linaweza kubaki laini wakati ndani kumeharibika. Mapigo hutangulia kusema. Mchana kutwa nilimpigia daktari aliyempasua, hakupokea. Usiku ule tulimwingiza chumba cha upasuaji: mshono ulikuwa umevuja. Tukasafisha usaha, tukaweka mirija. Alikaa nasi wiki saba, na mumewe akilala kwenye benchi la nje.

Kutoka Dar hadi huku ni zaidi ya kilomita 800. Kwa mtu wa nyanda za juu, uzoefu wa daktari ni pamoja na anachofanya ukishaondoka kwake: nani atapokea simu saa nane za usiku, nani atakuandikia maelezo kamili ya upasuaji uje nayo, nani atapima damu na vitamini B12 mwaka baada ya mwaka.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili na karatasi ya daftari, majibu yote kayaandika kwa kalamu. Chini kulikuwa na namba mbili za simu. Nilizipiga zote mbili mbele yake. Ya pili ilipokelewa.