Je, Wajua Kwa Nini Bahari Inaishiwa na Oksijeni?

Mwezi Machi mwaka 2022, katika Ghuba ya Elands iliyoko pwani ya magharibi ya Afrika Kusini, kamba wakubwa wa miambani walitoka majini kwa miguu yao wenyewe na kujazana ufukweni, wengi wakiwa bado hai. Serikali ya nchi hiyo ilikadiria kuwa walifikia tani 500. Mwaka 1997 ghuba hiyohiyo ilishuhudia tukio kubwa zaidi, la takriban tani 2,000. Kilichowatoa majini ni kukosa pumzi. Kamba anapoona maji ya chini hayana tena oksijeni ya kumtosha, huelekea maji ya kina kifupi ambako mawimbi huchanganya hewa na maji. Huko maji yakikupwa, humwacha nchi kavu asijue pa kurudi.

Tukio la namna hii linashangaza kwa sababu tumezoea kusikia kwamba bahari ndiyo inayozalisha karibu nusu ya oksijeni yote inayotengenezwa duniani kila mwaka. Maelezo hayo ni ya kweli, ila ni upande mmoja tu wa hesabu. Oksijeni hiyo hutengenezwa na planktoni ya mimea, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea karibu na uso wa maji na kutumia mwanga wa jua kama mimea ya nchi kavu itumiavyo. Planktoni hiyo huliwa au hufa na kuoza, na shughuli za kuliwa na kuoza hutumia karibu oksijeni yote iliyokuwa imezalishwa. Kinachobaki kama akiba ni kidogo sana. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa mzalishaji mkubwa wa oksijeni na wakati huohuo ikawa na sehemu ambazo kiumbe hawezi kuvuta pumzi.

Ni vyema kuanza na jambo ambalo sisi tunaoishi nchi kavu hulisahau kwa urahisi, nalo ni uhaba wa oksijeni ndani ya maji hata pale mambo yanapokuwa mazuri. Lita moja ya hewa ina takriban mililita 210 za oksijeni. Lita moja ya maji ya bahari yenye baridi ya nyuzi 0 za Selsiasi hubeba kama mililita 8 tu, na maji ya nyuzi 30 hubeba kama 4 na nusu. Samaki huishi kwa akiba hiyo finyu, akiyapitisha maji kwenye matamvua yake saa zote, na ndiyo maana upungufu ambao kwetu ungeonekana mdogo huweza kuwa suala la kufa na kupona kwake.

Akiba hiyo huingia baharini kutoka juu tu. Bahari inafanana na chumba kirefu chenye dirisha moja, nalo liko darini. Oksijeni huyeyuka kutoka hewani pale maji yanapogusana na upepo, au huzalishwa na planktoni katika tabaka la juu linalofikiwa na jua, na mwanga wa kutosha kwa kazi hiyo hauvuki mita 200 hivi. Wastani wa kina cha bahari, hata hivyo, ni takriban mita 3,700. Chini ya tabaka lile la mwanga hakuna kinachozalisha oksijeni kwa kiasi cha maana, ilhali watumiaji ni wengi: mabaki ya planktoni, kinyesi cha wanyama wadogo na mizoga hunyesha kutoka juu mchana na usiku, na bakteria huvila vitu hivyo huku wakiimaliza oksijeni iliyopo.

Kama ndivyo, kwa nini vilindi vya bahari havijaishiwa na oksijeni zamani za kale? Jibu liko katika sehemu chache za dunia zenye baridi kali. Katika Bahari ya Labrador, katika bahari zilizo karibu na Greenland, na katika Bahari ya Weddell kandokando ya Antaktika, maji ya juu hupoa sana wakati wa majira ya baridi na, barafu inapoganda, hubaki na chumvi nyingi zaidi. Maji baridi yenye chumvi nyingi ni mazito, hivyo huzama, yakishuka na oksijeni yaliyoivuta kutoka hewani. Kisha husafiri polepole vilindini kutoka bahari moja hadi nyingine. Baadhi ya maji ya kina katika Pasifiki ya Kaskazini yaligusana na hewa mara ya mwisho yapata miaka elfu moja iliyopita. Samaki wa kilindi cha huko, kwa maneno mengine, anavuta pumzi iliyoingia baharini kabla ya mataifa mengi ya leo kuwepo.

Sasa tunaweza kueleza kinachobadilika. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imelikusanya kutokana na gesi zinazotokana na shughuli za binadamu limeingia baharini. Maelezo mengi yanayotolewa kwa umma huishia kwenye athari ya kwanza ya joto hilo, kwamba maji yenye joto hushika gesi kidogo kuliko maji baridi. Ni sahihi, na takwimu za mililita tulizozitaja zinaonyesha hivyo, lakini ukichukua bahari nzima, sababu hiyo peke yake inaeleza sehemu ndogo tu ya upungufu uliopimwa. Athari iliyo nzito zaidi ni ya pili. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, na wepesi huo huongezeka pale yanapochanganyika na maji matamu ya barafu inayoyeyuka. Maji mepesi hukaa juu ya mazito kwa ukaidi. Upepo unaoyavuruga hauyasukumi tena chini kwa kiasi cha awali, na yale maji ya nchi za baridi yaliyokuwa yakizama huzama kwa uchache. Dirisha lipo palepale, ila halifunguki kama zamani. Huku juu maji yanaweza kuwa na oksijeni ya kutosha, na mita mia tatu chini yake wakazi wakawa wanaisubiri bila kuipata.

Kuna athari ya tatu inayowahusu wanyama wenyewe. Samaki wengi hawatengenezi joto lao la mwili, hivyo maji yakipata joto mwili wao hufanya kazi kwa kasi zaidi na kudai oksijeni zaidi. Mahitaji hupanda wakati ule ule ugavi unaposhuka.

Msomaji makini atauliza: upungufu wa kitu kidogo kiasi hicho umejulikanaje? Mbinu iliyotumika kwa zaidi ya miaka mia moja ilibuniwa na mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, na kutangazwa mwaka 1888. Maji yaliyotekwa kutoka kina fulani hujazwa katika chupa ya kioo hadi pomoni, pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa. Humo hutiwa chumvi ya manganizi, kisha mchanganyiko wa alkali na iodaidi. Mara moja machicha hujitokeza na kutuama: yakibaki meupe, maji hayana oksijeni, yakigeuka kahawia, ipo, na kadiri ukahawia unavyokolea ndivyo oksijeni ilivyo nyingi. Baada ya hapo hutiwa asidi, machicha huyeyuka, na maji huwa ya manjano kwa sababu iodini imeachiliwa. Mpimaji hudondosha thayosalfeti, kemikali inayoiondoa iodini hiyo, tone baada ya tone, akitia wanga kidogo unaoyafanya maji kuwa ya buluu, mpaka ile buluu itoweke ghafla. Idadi ya matone humpa jibu. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba vipimo vilivyochukuliwa melini miaka ya nyuma vinaweza kulinganishwa kwa haki na vya leo. Siku hizi vifaa vinavyoelea vya Argo, mpango wa kimataifa wa kupima bahari, baadhi vikiwa na vihisi vya oksijeni, hushuka hadi mita 2,000 na kupanda tena kila baada ya siku 10 hivi, kisha hutuma takwimu kwa setilaiti. Hata hivyo, vihisi hivyo bado hukaguliwa kwa kulinganishwa na chupa ya Winkler.

Mwaka 2017 watafiti watatu wa kituo cha utafiti wa bahari cha GEOMAR mjini Kiel, Ujerumani, wakiongozwa na Sunke Schmidtko, walikusanya vipimo vya aina hiyo kutoka bahari zote na kuhitimisha kwamba tangu mwaka 1960 bahari imepoteza takriban asilimia 2 ya oksijeni yake. Asilimia 2 inaweza kumfanya mtu apumue kwa faraja, lakini wastani huu hauna budi kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa upungufu haukugawanywa sawasawa. Ipo mikanda ya maji, hasa kati ya mita 200 na 1,000 katika Pasifiki ya kitropiki upande wa mashariki, katika Bahari ya Arabuni na katika Ghuba ya Bengali, ambayo kwa asili yake ina oksijeni haba. Mikanda hiyo imepanuka kwa mamilioni ya kilomita za mraba, na mahali palipokuwa na kidogo kushuka kidogo tu kunatosha kuvuka mpaka wa uhai.

Jodari na sulisuli, ambao ni waogeleaji wa mbio na walaji wakubwa wa oksijeni, hawawezi kuwinda ndani ya mikanda hiyo. Mkanda ukipanda juu, nao hubanwa katika tabaka jembamba karibu na uso wa maji, mahali ambapo nyavu na ndoano huwafikia kwa urahisi. Hapo pana mtego wa kufikiri: mvuvi anayepata samaki wengi kuliko kawaida anaweza kuamini kwamba wameongezeka, kumbe ni makazi yao yaliyopungua. Wakati huohuo viumbe vinavyostahimili uhaba, wakiwamo konyeza wengi, hupata nafasi. Bakteria nao hubadili mtindo wa maisha: oksijeni ikikaribia kwisha, hupumua kwa kutumia nitrati, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni na kuyeyuka majini, na baadhi ya shughuli hizo huzalisha gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo kilo kwa kilo hunasa joto zaidi ya mara 250 kuliko kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100.

Karibu na pwani ugonjwa ni mwingine, ingawa dalili zinafanana, na kuuchanganya na ule wa bahari kuu huleta tiba zisizo mahali pake. Huku chanzo kikuu ni mbolea za mashambani na maji taka. Naitrojeni na fosforasi vikifika baharini kwa njia ya mito hurutubisha mwani mdogo kama vilivyorutubisha mahindi. Mwani huchanua kupita kiasi, hufa, huzama, na kuoza kwake humaliza oksijeni ya sakafuni. Mto Mississippi hukusanya maji ya majimbo 31 ya Marekani na kuyamwaga katika Ghuba ya Meksiko, ambako kila majira ya joto hutokea eneo lisilokalika. Eneo hilo limekuwa likipimwa tangu mwaka 1985, na mwaka 2017 lilifikia takriban kilomita za mraba 22,700, kubwa kuliko miaka yote. Duniani kote, maeneo ya pwani yaliyoripotiwa kuwa na tatizo hili yamezidi 400. Bahari ya Baltiki imeathirika vibaya zaidi kwa sababu imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote na hupokea maji mapya ya chumvi kwa shida kupitia milango myembamba ya Denmark.

Hapa yafaa kusema kwamba kamba wa Ghuba ya Elands hawakuuawa na mbolea. Pwani ile hupokea maji baridi yenye virutubisho yanayopanda yenyewe kutoka chini, na mwani huchanua na kuoza kwa utaratibu wa asili. Vivyo hivyo, vilindi vya Bahari Nyeusi havina oksijeni tangu maelfu ya miaka iliyopita, na ni kwa sababu hiyo merikebu ya kale iliyotangazwa kugunduliwa mwaka 2018, ikiwa zaidi ya kilomita 2 chini ya maji karibu na Bulgaria, ilikutwa na mlingoti wake baada ya miaka 2,400 hivi. Wadudu wanaokula mbao hawawezi kuishi huko. Si kila mahali pasipo oksijeni pameharibiwa na mtu.

Lakini Bahari Nyeusi hiyohiyo ina upande mwingine wa kisa. Katika maji yake ya kina kifupi ya kaskazini-magharibi, mbele ya mlango wa mto Danube, mbolea iliyotumika kwa wingi wakati wa ukomunisti ilizalisha eneo lisilokalika lililofikia kilomita za mraba 40,000 katika miaka ya 1980. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, wakulima walikosa fedha za kununua mbolea, virutubisho mtoni vikapungua, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya eneo lile ilipata oksijeni tena. Hakuna aliyepanga jaribio hilo, na waliolilipia ni wakulima waliofilisika, lakini lilionyesha kwamba ugonjwa wa pwani hupona haraka chanzo chake kikiondolewa.

Bahari kuu haina bahati hiyo. Ikiwa utoaji wa gesi zinazoongeza joto ungekoma leo, maji ya mita mia chache za juu yangeacha kupoteza oksijeni baada ya muda usio mrefu. Vilindini, hata hivyo, upungufu ungeendelea kwa karne kadhaa, kwa kuwa maji yaliyozama katika miongo ya karibuni yakiwa na joto zaidi na oksijeni pungufu ndiyo kwanza yameanza safari yake, na mzunguko unaoyapeleka huko umeshapunguza mwendo.