Kutabiri theluji ya Alta: anza na maji

Programu nyingi za simu zinapotangaza theluji hufanya jambo moja: huchukua milimita za maji kutoka kwenye modeli (programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo), huzizidisha mara 10, basi. Milimita 20 za maji zinageuka sentimita 20 za theluji. Kwa Alta, kituo cha kuskii, yaani kuteleza juu ya theluji, kilicho mwisho wa bonde la Little Cottonwood katika milima ya Wasatch, jimbo la Utah, hesabu hiyo haifai. Wastani wa pale wa uwiano wa kina cha theluji kwa maji ni kama 14 kwa 1, na dhoruba hutofautiana mno: theluji nzito ya hewa vuguvugu inaweza kushuka hadi 7 kwa 1, ile kavu ikapita 25 kwa 1. Maji yaleyale, kina mara tatu na zaidi.

Ndiyo maana mimi hutabiri maji kwanza, kisha mwelekeo wa upepo, kisha uwiano. Sentimita huandikwa mwisho.

Salt Lake City iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Si mbali kutoka hapo kwa barabara, Alta inaanzia mita 2,600 hivi na lifti zake zinafika karibu mita 3,200. Hewa yenye unyevu ikija kutoka magharibi inakuta ukuta, inapanda, inapoa, na unyevu wake unageuka theluji. Aliyekaa Moshi anaijua habari hii, maana miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata mvua kuliko ya kaskazini kwa sababu ya namna hiyohiyo. Matokeo yake Alta ni zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu wa kawaida. Msimu wa 2022/23 ulivunja rekodi, ukafika inchi 903, yaani karibu mita 23.

Tatizo la kwanza ni kwamba Wasatch ni safu nyembamba. Modeli ya Marekani, GFS, ina gridi, yaani miraba ya hesabu, ya kama kilomita 13. Ile ya Ulaya, ECMWF, kilomita 9. Kwa gridi pana namna hiyo, vilele na mabonde husagwa pamoja kuwa kilima cha wastani. Alta ya kwenye kompyuta iko chini kuliko Alta halisi, kwa hiyo maji hutoka pungufu na joto hutoka juu. HRRR, modeli nyingine ya Marekani yenye gridi ya kilomita 3 na inayoendeshwa upya kila saa, inaiona milima vizuri zaidi, ila inatazama saa 18 tu mbele, au 48 kwa ile inayoendeshwa mara nne kwa siku. Hivyo siku tano hadi tatu kabla ya dhoruba nategemea makundi ya modeli. Saa 36 za mwisho ni za HRRR na vipimo halisi.

Kundi la ECMWF lina matoleo 51, la GFS 31: modeli ileile imeendeshwa mara nyingi, kila mara hali ya mwanzo ikiwa imebadilishwa kidogo. Usitazame wastani peke yake. Mara nyingi dhoruba inayotoka Pasifiki hugawa kundi katika kambi mbili: kambi moja inaipitisha moja kwa moja juu ya kaskazini mwa Utah, nyingine inaikata na kuiteremsha kusini kuelekea Arizona. Kambi ya kwanza inatoa milimita 35, ya pili milimita 5. Wastani ni milimita 20, na huenda hakuna hata toleo moja lililotabiri kiasi hicho. Hali ikiwa hivyo, naandika wazi kwamba kuna njia mbili na kutaja ipi ina uzito zaidi. Msomaji anayetaka kukodi chumba anasaidiwa na hilo kuliko na sentimita 20 za uongo.

Sasa upepo, na hapa ndipo penye kazi. Nautazama pale shinikizo la hewa lilipo hektopaskali 700, takriban mita 3,000, ambayo ni karibu na kimo cha migongo ya milima ya Alta. Kabla ya hewa baridi kuingia, upepo huwa wa kusini-magharibi. Modeli zinaweza kuonyesha maji mengi saa hizo, lakini Alta haipati fungu lake lote, kwa sababu kuna milima mingine upande huo inayoikinga. Milima ya kaskazini zaidi, karibu na Ogden, hufaidika kuliko Alta. Ukingo wa mbele wa hewa hiyo baridi ukishapita, upepo unageukia kaskazini-magharibi, na mambo yanabadilika kabisa. Upepo wa nyuzi 290 hadi 330 za dira unaingia moja kwa moja kwenye milima ya Cottonwood, hewa ya juu imepoa kuliko ya chini na kwa hiyo ile ya chini inapanda kwa urahisi, na theluji inaendelea kudondoka hata pale picha za setilaiti zinapoonyesha kwamba dhoruba yenyewe imekwisha kuondoka. Saa sita za namna hiyo zinaweza kuzidi zote zilizotangulia. Wakati huohuo Park City, ng'ambo ya mgongo upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, inaweza kupata theluthi tu ya kile kilichoanguka Alta, ingawa kwa ndege ni kilomita chache.

Mtabiri anayetangaza mwisho wa dhoruba mara ukingo wa hewa baridi unapopita ataumbuka Alta.

Ziwa la Great Salt Lake nalo hutajwa kupita kiasi. Chumvi yake hulizuia kuganda, hivyo hewa baridi ikipita juu yake inaweza kupashwa joto kutoka chini na kuzaa mikanda ya theluji. Kipimo cha awali ni hiki: tofauti ya joto kati ya maji ya ziwa na hektopaskali 700 ifike angalau nyuzi 16. Lakini hata ikifika, hewa ikiwa kavu hakuna kitu, na mkanda ni mwembamba kiasi kwamba ukihama kilomita 10 unaanguka mjini badala ya mlimani. Kwa msimu mzima mchango wa ziwa hauvuki asilimia 10. Mimi siongezi sentimita za ziwa kabla ya saa 12 za mwisho.

Uwiano unaamuliwa ndani ya wingu. Fuwele zenye matawi, zile nyepesi zenye pembe sita, hukua vizuri kati ya nyuzi −12 na −18. Tabaka hilo la joto likikutana na mahali ambapo hewa inapandishwa kwa nguvu, unapata theluji laini yenye nafasi nyingi ndani. Wengi hudhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo theluji inavyozidi kuwa nyepesi. Si hivyo: wingu likiwa na nyuzi −25, fuwele zinakuwa ndogo, zinalala karibukaribu, na uwiano unashuka tena. Kwa Alta napenda kuona nyuzi −10 hadi −14 kwenye hektopaskali 700. Mambo mawili huharibu hesabu. La kwanza ni matone ya maji yaliyo chini ya sifuri bila kuganda: yakigandia kwenye fuwele yanaifanya punje nzito. La pili ni upepo mkali, unaovunja matawi na kuishindilia theluji. Upepo wa migongoni ukipita kilomita 50 kwa saa, napunguza uwiano kwa pointi 2 au 3.

Vipimo vya hayo yote vinatoka kwenye puto la vipimo linalorushwa uwanja wa ndege wa Salt Lake City, ambalo kwa kawaida hutoa hali ya hewa ya saa 11 alfajiri na saa 11 jioni kwa saa za Utah wakati wa baridi.

Tufanye hesabu moja. Kundi la modeli linatoa milimita 25 katikati, huku nusu ya matoleo yakiwa kati ya 19 na 32. Usitumie uwiano mmoja kwa dhoruba nzima. Milimita 10 zinaanguka kabla ya ukingo wa hewa baridi kupita, hektopaskali 700 ikiwa nyuzi −6: natumia 9 kwa 1, napata sentimita 9. Milimita 15 zinaanguka baada yake, nyuzi −13: natumia 18 kwa 1, napata sentimita 27. Jumla ni 36, si 25. Nikirudia kwa milimita 19 napata kama 27, kwa 32 napata kama 46. Nitaandika sentimita 25 hadi 50, na kueleza kwamba sehemu kubwa itaanguka usiku, baada ya upepo kugeuka. Mpangilio huu, nzito chini na nyepesi juu, ndio wanaskii wanaoupenda. Ukipinduka, theluji nzito ikalala juu ya nyepesi, waambie wanaokwenda nje ya njia za kituo mapema: tabaka hilo huporomoka kirahisi.

Kupima baadaye kuna mitego yake. Ubao mweupe wa kupokea theluji unaofagiwa kila saa hutoa jumla kubwa kuliko ubao unaosomwa mara moja kwa siku, maana theluji hujishindilia kwa uzito wake. Utaratibu wa Marekani ni kutofagia zaidi ya mara nne kwa siku. Kipima mvua kisicho na kinga nacho hupoteza theluji nyingi kwenye upepo. Kwa hiyo nalinganisha utabiri wangu na maji kwanza, kwenye vituo vya SNOTEL ambavyo hupima uzito wa theluji iliyolala, kisha ndipo naangalia kina. Ukilinganisha kina peke yake, unaweza kusifiwa kwa sentimita 36 zilizotokana na maji machache na uwiano mkubwa, na usijue kwamba ulikosea pande zote mbili.

Kwa barabara namba 210, inayopanda bondeni na kukatwa na njia zaidi ya 60 za maporomoko ya theluji, jumla ya dhoruba si habari kuu. Wasimamizi wanauliza kasi na saa: theluji ya sentimita 5 kwa saa itaanza lini, na itakuwa na milimita ngapi za maji. Hapo rada husaidia kidogo kuliko watu wanavyotegemea. Rada ya eneo hilo iko kaskazini-magharibi, juu ya mlima, kimo cha karibu mita 2,000, na mwale wake ukifika Alta uko juu zaidi. Theluji ya upepo wa kaskazini-magharibi mara nyingi hutengenezwa chini, kwenye mteremko wenyewe. Skrini inaonyesha rangi hafifu huku ubao ukijaa, hivyo saa hizo fungua kamera za kituo na vipimo vya kila saa.