Viatu vinavyofia kabatini: maandalizi yangu kabla ya mvua za vuli

Kila mwaka vuli ikikaribia, najua viatu vitakavyotangulia kufika kibandani kwangu hapa Dar es Salaam. Vilivyokanyaga matope huja baadaye. Vinavyotangulia ni vile vilivyotunzwa: vimekaa kwenye boksi lake tangu harusi ya mwaka juzi, karatasi laini bado imejaa puani, na mwenyewe kavibeba mkononi haamini macho yake. Vimeota ukungu wa kijani, au soli imeachia, au ngozi bandia inabanduka kama magamba ya samaki.

Nimekuwa fundi viatu kwa miaka 19, na viatu vingi nilivyoshindwa kuviokoa viliharibikia kabatini, havikuharibikia barabarani. Watu wanavipenda viatu vyao, tena wale wanaovipenda zaidi ndio wanaovifungia zaidi. Inaniuma kumwambia mtu kwamba kiatu alichokihifadhi kwa mapenzi yote hakishoneki tena.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja na buti za kupandia mlima. Alizipata kwenye mitumba ya Karume, ngozi nene, mshono safi. Alizivaa mara tatu, akaziweka kwenye boksi uvunguni zisubiri safari ya Moshi. Zikasubiri miaka minne. Siku ya safari alitoka nyumbani alfajiri, na kabla hajafika kituo cha basi soli ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma yake, vipande vipande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, niliuziwa feki hizi."

"Siyo feki, mzee wangu. Zimekaa sana."

Hakunielewa, na sikumlaumu, maana kwa macho ngozi ilikuwa kama mpya. Kwa hiyo nikammegea kipande cha soli nikakisugua kwa vidole viwili. Kikawa unga.

Kwenye buti nyingi za aina ile, na kwenye raba nyingi zenye soli nene na nyepesi, kati ya ngozi na mpira wa chini mna povu la poliurethani. Ni kitu kizuri sana mguuni: chepesi, kinabonyea, kinarudi. Ila unyevu ndio adui yake. Mvuke uliomo hewani hupenya ndani yake polepole na kukata viungo vya kikemikali vinavyolishikilia povu hilo. Wakemia wanaita haidrolisisi. Kiatu hakihitaji kulowa hata siku moja; hewa yenye unyevu inatosha, na joto linaharakisha kazi. Sasa hesabu mwenyewe: boksi lililofungwa, chini ya kitanda, ndani ya chumba cha Dar es Salaam. Huwezi kuliandalia povu hilo mahali pabaya zaidi ya hapo. Buti zinazovaliwa mara kwa mara kwa kawaida hudumu kuliko pacha wake zilizofungiwa, kwa sababu kila hatua povu linabonyezwa na kuachiwa, na hewa haitulii ndani yake.

Ukinunua mtumba, kumbuka pia safari yake. Buti nzito nyingi tunazozikuta sokoni zilinunuliwa Ulaya kwa ajili ya majira ya kule ya majani kupukutika na baridi inayofuata. Zilivaliwa miezi michache, zikakaa kabatini miaka, ndipo zikafungwa kwenye marobota na kupandishwa meli. Zinapofika Kariakoo au Tandika, sehemu kubwa ya umri wa povu imeshakwisha. Mimi sina neno baya juu ya mitumba, nimevaa mitumba maisha yangu yote. Ila kabla hujatoa hela, bonyeza ubavu wa soli kwa dole gumba, kisha ukwaruze kwa ukucha mahali pasipoonekana. Povu zima hubonyea na kurudi. Likibaki na shimo, likinata, au likitoa chenga, liache. Fanya jaribio hilohilo nyumbani kila Septemba kwa kila kiatu chenye soli nene. Soli ya mpira mtupu au ya ngozi haina ugonjwa huu.

Nasema Septemba kwa sababu kwetu pwani vuli ni ya Oktoba hadi Desemba, na Septemba hewa bado ina ukavu wa kutosha kuvitoa viatu vyote nje. Ndugu zangu wa Songea, Mbeya na Tabora mna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kwa hiyo mna muda zaidi.

Sasa ukungu. Mbegu zake zipo hewani kila mahali, hazingoji mwaliko. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 hivi, na hewa ikiwa imetulia, zinaota. Chakula kipo tele: jasho, vumbi, rangi ya viatu, hata mafuta yaliyomo kwenye ngozi yenyewe. Ndiyo maana kiatu kilichovaliwa mara moja kwenye harusi na kurudishwa kwenye boksi usiku uleule huota upesi kuliko kipya kabisa. Kilirudi na jasho la mcheza muziki.

Hapa kuna kosa ninaloliona mara nyingi. Mtu anaona utando mweupe kwenye ngozi nyeusi, anadhani ni ukungu, anakisugua kiatu kwa sabuni ya unga na maji mpaka ngozi inakauka na kupasuka. Kumbe utando ule mara nyingine ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu. Tofauti yake ni rahisi. Chukua kitambaa, kitie joto kwa pasi, kiguse utando kwa sekunde chache. Mafuta huyeyuka na kurudi ndani, ngozi inang'aa. Ukungu hauyeyuki, unapakaa, una manyoya madogo ukiutazama kwa karibu, na una ile harufu ya stoo. Nyingine ni chumvi ya jasho, yenye mstari kama ramani ya pwani, na hiyo huondoka kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo.

Ukiwa ni ukungu, toka nao nje, mbali na watoto na mtu mwenye pumu. Futa kwa kitambaa ambacho utakitupa. Kisha changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa sababu spiriti inaweza kuondoa rangi, ufute nje na ndani. Acha kiatu kivulini chenye upepo siku nzima au mbili. Usipake kiwi mpaka kikauke kabisa. Kiwi ina nta, na nta juu ya ngozi yenye unyevu ni mfuniko: unyevu hautoki, na unachokuwa umehifadhi ni ukungu wa mwezi ujao.

Kwenye kukausha naomba nisikilizwe sana. Kiatu kilicholowa kisiwekwe karibu na jiko la mkaa, wala juu ya bati saa saba mchana. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali, nyuzi zake hujikunja na hazirudi. Inakuwa ngumu kama ubao na inapasuka pale vidole vinapokunja. Gundi nayo hulainika kwa joto. Nimewahi kupokea jozi nne za viatu vya kike zilizoachwa siku nzima kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, zote soli zimefunguka midomo. Toa kamba, toa soli ya ndani, vuta ulimi mbele, kunja gazeti ulijaze ndani, ubadilishe baada ya saa moja au mbili linapolowa. Kiatu chenye bitana nyeupe tumia kitambaa, wino wa gazeti unaacha alama. Feni ni bora kuliko jua.

Wengi wetu tunaishi kwenye chumba cha kupanga au nyumba ya vyumba viwili, hatuna chumba cha viatu. Mlangoni viatu vinaibiwa, kwa hiyo usiku vinaingizwa ndani na kusukumwa uvunguni. Naelewa. Lakini uvungu ndipo sakafu ya saruji inapopumua unyevu kutoka chini, na upepo haufiki. Badala yake tafuta kichanja. Kreti mbili tupu za soda zilizolazwa ubavu zinatosha jozi kadhaa, na matundu yake ni mazuri kuliko kabati lolote la mbao lenye mlango. Ukimpa seremala kazi, mwambie apige fito zenye nafasi kati yake, zisiwe ubao mzima; ngazi ya chini iinuke angalau kiganja kimoja kutoka sakafuni, na kichanja chote kikae vidole vinne mbali na ukuta. Ukuta wa nje hutoa jasho wakati wa mvua, na ngozi iliyoegemea hapo ndiyo inayoanza kuota.

Napendelea mbao kuliko chuma kisichopakwa rangi, na sababu si kutu tu. Kuna ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe. Soli nyingi za ngozi na makobazi mazuri ni za namna hiyo. Ikiwa imelowa na ikagusa chuma, dawa ya magome inakutana na chuma na kutoa doa jeusi kama wino. Ukiwahi kuona duara jeusi kuzunguka msumari wa kobazi, ndilo hilo. Mimi sijapata kulitoa doa hilo likaisha kabisa.

Upangaji wenyewe ni mfupi. Vya kila siku chini, vya mara mojamoja juu, vilivyolowa pembeni peke yake mpaka vikauke, hata kama ni ndala. Kama una jozi mbili za kazini, badilisha. Kiatu kilichonyonya jasho la siku nzima kinahitaji siku nzima kulitoa. Vya sherehe vifunike kwa foronya au kipande cha kanga kuukuu ili vumbi lisiingie na hewa ipite. Mfuko wa nailoni hapana, hata kidogo. Vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinafanya kazi ndani ya chombo kilichofungwa kabisa, na vikishajaa vimekwisha. Kwenye rafu ya wazi vinajaribu kuikausha Bahari ya Hindi. Mkaa ndani ya soksi unapunguza harufu, na hilo linatosha kuusifu, lakini haukaushi kabati.

Buti ndefu za kike usiziache zijikunje kwenye kifundo, kwa sababu mkunjo huo ndio utakaopasuka, hasa kwenye ngozi bandia. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu kwenye kila shina inazisimamisha vizuri. Gambuti zioshwe matope, zikaushwe ndani, kisha zigeuzwe juu chini kwenye vijiti viwili, mbali na jua kwa sababu jua hupasua mpira. Na kabla ya kuzivaa zikung'ute, kila mara. Tandu na nge hupenda giza lile, na anayeumwa mara nyingi ni mtoto anayekimbilia uani.

Viatu vya shule vikimbana mkubwa na ukataka kumwekea mdogo wake, badilisha soli ya ndani kabla ya kuviweka, maana hapo ndipo jasho la mwaka mzima lilipo. Na usivisubirishe. Mpe mapema hata kama vinapwaya kidogo, uweke soli ya ndani ya pili.

Yule mzee nilimwambia ukweli kwamba povu lake halirudi, ila ngozi yake ilikuwa nzima. Nikakwangua unga wote mpaka chini, nikakata soli mpya ya mpira, nikagundisha na kushona kuzunguka. Buti zikawa nzito kuliko zilivyokuwa, nikamweleza hivyo kabla hajalipa. Alizivaa palepale akazunguka kibanda mara mbili. Siku hizi zinakaa kwenye kreti chini ya dirisha lake, na Jumapili nikipita sokoni namwona nazo mguuni, amebeba mchicha.