Tembo dume na homoni: yanayosemwa na yalivyo

"Analia yule." Ukiwa kwenye gari la watalii Amboseli au Tarangire, hakosekani wa kusema hivyo akiona tembo mwenye michirizi myeusi shavuni. Si machozi. Ni majimaji ya tezi iliyo kati ya jicho na sikio, na hata majike huvuja hapo wakishtuka au wakifurahia kukutana na ndugu zao. Shavu peke yake, basi, halitoshi. Tazama miguu ya nyuma. Dume aliye kwenye masti, yaani kile kipindi homoni zinapompanda akasaka majike, hudondosha mkojo huku akitembea, mpaka mapaja yanalowa na kutoa harufu kali, na uume wake hugeuka kijani. Testosteroni, homoni ya kiume, imepanda mwilini mara kadhaa. Watafiti wa tembo Joyce Poole na Cynthia Moss walipoyaona hayo Amboseli walidhani ni ugonjwa. Mwaka 1981 ndipo walipoandika kwamba ni masti, ile iliyojulikana tangu kale kwa tembo wa Asia.

Wengine husema bila masti dume hapandi jike. Hupanda, ila hana bahati sana. Jike huwa kwenye joto siku chache tu, kisha hubeba mimba miezi 22 na kunyonyesha, kwa hiyo miaka hupita kabla hajapatikana tena. Masti ndiyo inayomtembeza dume kumtafuta, akila kidogo na kukonda. Haina msimu mmoja kwa wote: kila dume mkubwa ana miezi yake. Kwa vijana hudumu siku au wiki chache, kwa wazee miezi kadhaa. Vipimo vya DNA vya ndama wa Amboseli vimeonyesha kuwa wazee walio kwenye masti ndio baba wa wengi.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba homoni zikijaa, ukali haudhibitiki. Hapo Pilanesberg, Afrika Kusini, ina jibu zuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hifadhi hiyo ilipelekewa tembo wadogo, mayatima waliobaki baada ya wakubwa wao kupunguzwa kwa risasi katika hifadhi ya Kruger. Tembo wakubwa hawakuletwa. Ilikuwa vigumu kuwasafirisha. Wale vijana wakakua bila mkubwa wa kuwatuliza, wakaingia kwenye masti mapema mno, na masti yenyewe ikakaa muda mrefu kuliko inavyostahili umri wao. Kati ya 1992 na 1997 waliua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger. Masti ya vijana ikafupika, na mauaji ya vifaru yakakoma. Kijana anayetishwa na dume mkubwa anaweza kuacha kudondosha mkojo ndani ya dakika au saa chache tu. Homoni zinamsikiliza aliye mbele yake. Kwa maoni yangu, hili ndilo linalosahaulika tunapohesabu hasara ya ujangili: tunahesabu pembe, hatuhesabu nidhamu iliyoondoka na mzee.

Nyani nao wana lao. Tunadhani dume anayetawala kundi ndiye anayestarehe. Utafiti wa Amboseli uliotolewa 2011 ulikuta kinyesi chake kina testosteroni nyingi, sawa, lakini pia homoni za msongo kwa kiwango kikubwa. Wa pili wake alikuwa na msongo mdogo zaidi.

Na fisi madoa, anayesemwa kuwa huntha? Hapana, dume ni dume na jike ni jike. Jike ana kinembe kirefu mithili ya uume, na hapo ndipo anapojifungulia. Wala si kweli kwamba amemzidi dume kwa testosteroni. Dume aliyekomaa ndiye mwenye nyingi. Hata hivyo zile nyingi hazimpi ubabe. Dume mgeni huanzia chini kabisa katika ukoo, nyuma hata ya watoto. Maumbile ya jike hayamruhusu kumlazimisha, kwa hiyo hukaa karibu naye, akijipendekeza kwa miezi, hata miaka, mpaka akubaliwe.