Mtoto Mchanga Kituoni: Maswali Kuhusu Ubongo na Viungo Vyake

Je, mtoto wa miezi minne, ambaye kazi yake ni kunyonya na kulala, ana lolote la kujifunza katika kituo cha kulelea watoto mchana?

Analo, tena jingi. Katika mwaka wa kwanza ubongo wa mtoto hukua hadi kukaribia mara mbili ya ukubwa aliozaliwa nao, na njia za mawasiliano ndani yake huimarika kadiri zinavyotumika. Kinachozitumikisha si vifaa vya bei kubwa, bali ni mlezi anayembeba, anayemtazama usoni, anayemwitikia anapotoa sauti, na anayemwachia nafasi ya kurusha mikono na miguu. Kwa hiyo kituo ambacho watoto wote wametulia tuli, kila mmoja amefungiwa kitini tangu asubuhi, kisisifiwe kwa utulivu huo kabla ya kuulizwa kwa nini watoto hawasogei.

Mtoto alazwe kifudifudi kwa muda gani, na afanyiwe nini akilia?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaelekeza kwamba mtoto ambaye bado hajaanza kusogea mwenyewe alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, zikigawanywa katika vipindi vifupi. Mwongozo huohuo unataka asifungwe kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Anapojitahidi kuinua kichwa akiwa mkekani, shingo, mabega na mikono hupata nguvu atakazozihitaji baadaye ili akae na kutambaa.

Wengi hulia mwanzoni. Mlezi aanze na dakika moja au mbili, si mara tu baada ya kunyonya kwa sababu mtoto atacheua, aweke kanga iliyokunjwa chini ya kifua chake, kisha naye ajilaze mbele yake ili nyuso zao zikutane. Akisinzia ageuzwe mara moja, kwani usingizi wa mtoto mchanga ni wa chali, usiku na mchana.

Mlezi mmoja ana watoto kadhaa. Atapata wapi muda wa kuzungumza na kila mmoja?

Muda huo umo ndani ya kazi anazozifanya tayari. Wakati wa kubadilisha nepi, kwa mfano, mlezi anaweza kusema, “Sasa tunainua mguu huu, haya, na huu mwingine,” kisha akanyamaza na kumtazama. Mtoto atapiga teke au atasema “aguu,” na hapo mlezi amwitikie kana kwamba ameambiwa jambo la maana. Kule kunyamaza ndiko kunakosahaulika: walezi wengi wachangamfu huongea mfululizo bila kumpa mtoto zamu yake, ilhali mazungumzo ya kupokezana ndiyo yanayojenga lugha. Aongee lugha anayoimudu vizuri, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kidigo. Televisheni haiwezi kushika nafasi yake, na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja haishauriwi kabisa.

Woka humsaidia mtoto kutembea mapema?

Hapana. Kile kigari humning'iniza mtoto akijisukuma kwa ncha za vidole, bila kujifunza kubeba uzito wake wala kujizuia asianguke, na humfikisha upesi kwenye ngazi, jiko la mkaa au sufuria ya uji. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Benchi zito lisilopinduka, ambalo mtoto atalishika na kusimama dede kisha akaambaa nalo, linatosha kabisa.

Mwanangu ana miezi kumi na hatambai. Je, ana tatizo?

Hilo peke yake halitoshi kusema hivyo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu 18, na kwamba takriban 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti. Kwa njiti, umri huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Yanayohitaji uchunguzi ni haya: hawezi kukaa bila kushikiliwa baada ya kutimiza miezi 9, mwili wake ni mlegevu au mkakamavu kupita kiasi, hutumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, hashtuliwi na sauti, au amepoteza jambo aliloliweza zamani. Mlezi aliyeona mojawapo amweleze mzazi jioni hiyohiyo, akitaja alichokiona badala ya kutaja jina la ugonjwa, na mzazi ampeleke mtoto kliniki na kadi yake bila kungoja tarehe ya chanjo.